Kutoka Bondeni hadi Mumias, Kumwosha Mjomba

Habari ilinifika Ijumaa usiku, tulipokuwa tumekwisha kusali Isha katika msikiti wa mtaani kwetu Bondeni, Nakuru. Mjomba wangu, fundi cherehani wa Mumias ambaye kila jioni alifunika cherehani yake na kuwasomesha watoto Qurani, alikuwa amekata roho baada ya Magharibi. Binamu yangu aliniambia kwa simu kwamba maziko yangekuwa kesho yake baada ya Adhuhuri, na kwamba marehemu aliacha wasia: niwe miongoni mwa watakaomwosha. Nilitamka Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikapita nyumbani kuchukua kanzu na koti zito, na kabla ya saa sita usiku nikapata nafasi katika matatu iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Kisumu.

Neno hilo nafasi lilinikumbusha yeye kabla gari halijaondoka. Ndiye aliyenifunza utotoni kwamba nafsi na nafasi ni ndugu, kwa kuwa katika Kiarabu nafsi na pumzi vina mzizi mmoja, kama vile roho na upepo vilivyo na mzizi mmoja. Siku moja nilimlalamikia juu ya kijana wa jirani, nikasema ana roho mbaya. Aliweka mkasi chini. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa wake huitana hivyo, "roho hiyo unayoiita mbaya imepulizwa kwa amri ya Mola. Useme nafsi yake imemshinda, na wewe yako uiangalie." Tangu siku ile nimekuwa nikisikia jinsi lugha yetu inavyoitwika roho mizigo yote: roho mbaya, roho ngumu, roho ya korosho. Lugha haina kosa, watu huelewana. Lakini mzee alitaka tutambue ni kitu gani ndani yetu tunachokilaumu.

Baada ya Salgaa barabara hupanda kuelekea Mau Summit, na hapo gari liliiacha njia ya Eldoret likashika ya Londiani na Kericho. Baridi iliingia kupitia kioo kisichofunga vizuri. Abiria walilala mmoja baada ya mwingine, mama aliyekaa mbele yangu na mtoto wake wamefunikwa leso moja, hata nikabaki macho mimi na dereva. Katika sura ya Az-Zumar, aya ya 42, Mwenyezi Mungu anasema kwamba Yeye huzichukua nafsi wakati wa kufa kwake, na zile zisizokufa huzichukua katika usingizi wake. Kisha huzizuia zilizokwisha kuhukumiwa mauti, na nyingine huzirudisha mpaka muda uliowekwa. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo mara nyingi bila kukaa nayo gizani, ndani ya gari lililojaa watu waliolala. Wote wale, kwa mujibu wa aya, walikuwa mikononi mwa Mola wao kwa namna ambayo mjomba naye alikuwa usiku huohuo, isipokuwa kwamba wao wangerudishwa na yeye amezuiwa. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alipoamka alimshukuru Mungu aliyetuhuisha baada ya kutufisha.

Mtu akiuliza roho yenyewe ni nini, jibu la Qurani ni fupi. Katika sura ya Al-Israa, aya ya 85, Mtume anaamrishwa awajibu waulizaji kwamba roho ni katika mambo ya Mola wake, na kwamba wanadamu hawakupewa katika elimu ila kidogo. Mjomba hakupenda watu walioongeza pale ambapo aya imenyamaza. Hata aya inayosema kwamba Mungu alimsawazisha Adamu kwa udongo kisha akampulizia katika roho Yake, alikuwa akitahadharisha isifahamike kana kwamba kipande cha uungu kimeingia ndani ya mtu. Roho imenasibishwa kwa Mola kwa kuitukuza, kama vile Al-Kaaba inavyoitwa nyumba ya Mungu, na yenyewe imeumbwa. Alikuwa na maneno yake kuhusu Iblisi ambayo sijayasikia kwa mwalimu mwingine. Alisema kosa la Iblisi lilianza machoni: malaika walimsujudia mja aliyepuliziwa roho, yeye akaangalia udongo tu, akajivunia moto wake. Kila anayemdharau mtu kwa rangi, kabila au ufukara anaangalia kwa macho hayo.

Hayo kidogo tuliyopewa, hata hivyo, si haba. Hadithi ya sahaba Ibn Masud, iliyo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, inaeleza hatua za kiumbe tumboni mwa mama yake kwa siku arobaini arobaini, kisha malaika anatumwa ampulizie roho, na wanazuoni wengi wameihesabu kuwa ni baada ya siku 120. Kuhusu tofauti ya roho na nafsi wamekhitilafiana. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliona kuwa ni kitu kimoja kinachotofautiana kwa sifa. Na Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba moyo, roho, nafsi na akili ni majina ambayo kila moja lina maana yake mahususi, lakini yote hukutana katika ile latifa, yaani kitu laini cha kiroho, isiyoonekana ambayo ndiyo hakika ya mtu, inayojua na inayoulizwa.

Kutoka Kericho njia iliteremka, na kufikia Ahero joto la uwanda wa Kano lilikuwa limetupokea, nikavua koti. Katika mteremko huo nafsi yangu ilianza kunisuta. Mwaka uliopita nilimwahidi mjomba kwamba ningefuturu naye Mumias walau siku tatu za Ramadhani. Sikwenda, nilisema biashara imenibana. Qurani inataja nafsi inayoamrisha maovu katika sura ya Yusuf, nafsi inayojilaumu katika sura ya Al-Qiyama, na nafsi iliyotua katika sura ya Al-Fajr, na wanazuoni wanasema ni nafsi moja yenye hali tatu. Mungu ameiapia ile inayojilaumu. Nilishika jambo hilo kama mtu anavyoshika mkono wa kiti gari likipita shimoni, kwa sababu lawama ile iliniuma, na niliona kuwa ingekuwa msiba mkubwa zaidi kama isingeniuma.

Kisumu nilisali Alfajiri katika msikiti wa Jamia, kisha nikaenda kituoni kutafuta gari la Kakamega. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mazishi katika nchi hii ya magharibi, na msafara uliosafiri usiku kucha kutoka Nairobi ulikuwa ukipita: magari yaliyofungwa vitambaa vyekundu, jeneza juu ya basi, wanawake wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti zilizochoka. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, aliyekuwa akinywa chai kando yangu, aliweka kikombe akasimama mpaka gari la mwisho likapita. Nilisimama pamoja naye. Masahaba Sahl ibn Hunayf na Qays ibn Saad walifanya hivyo huko Al-Qadisiyya, Iraki, na walipoambiwa kwamba maiti si Mwislamu walijibu kwamba Mtume alipitiwa na jeneza, akasimama, akaambiwa ni la Myahudi, naye akauliza: "Je, si nafsi?" Naamini hakuna sentensi fupi kuliko hiyo inayoeleza jinsi Uislamu unavyomtazama binadamu. Mzee aliketi, akamaliza chai yake, wala hatukuzungumza.

Kabla ya kufika Kakamega gari hupita Ilesi, lilipo lile jiwe refu linalolia, kiasi cha mita 40, limebeba jabali kichwani, na maji yameacha mchirizi mweusi ubavuni mwake. Wenyeji wana hadithi zao juu ya kilio hicho. Mimi nililiangalia nikikumbuka sura ya Al-Baqara, aya ya 74: nyoyo zilizokuwa ngumu kama mawe au zaidi, ilhali yapo mawe yanayopasuka yakatoka maji. Tangu nipokee simu sikuwa nimelia. Pale Ilesi machozi yalinitoka, na utingo aliyekuwa akidai nauli akanipita, akaenda kwa wengine kwanza.

Mumias nilifika saa tatu asubuhi. Mji huu una jina la Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga aliyefariki mwaka 1949, na Uislamu uliletwa hapa na Waswahili wa misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19. Ndiyo sababu katikati ya mashamba ya miwa utakutana na kanzu na buibui. Maji yalikuwa yamekwisha kupashwa moto, majani ya mkunazi yamepondwa, karafuu maiti ipo tayari. Tuliingia watu wanne. Macho ya mjomba yalikuwa yamefumbwa na mwanawe, kama Mtume alivyoyafumba macho ya sahaba wake Abu Salama akasema kwamba roho ikichukuliwa jicho huifuata. Tulimwosha huku tumemsitiri, tukianza kuume na viungo vya udhu, na aliyetuongoza alikuwa akirudia kwa sauti ya chini, "Polepole, msimwumize." Sikuona ajabu, kwa maana tumefundishwa kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Nilipofika kwenye kidole gumba cha kulia nikaikuta sugu ya mkasi. Mkono ule ulinielekeza herufi. Sasa ulikuwa mzito, ukifuata popote nilipoupeleka, nikaelewa kwa viganja vyangu kwamba aliyekuwa akiuendesha ameondoka, na kwamba udongo huu aliouacha bado una heshima yake.

Tulimswalia kwa takbira nne, tukamlaza katika mwanandani, ule uchimbo wa ubavuni mwa kaburi, uso ukielekea kibla, na kila mmoja akatia udongo mara tatu: kutokana nao tumeumbwa, humo tunarudishwa, na humo tutatolewa mara nyingine.

Usiku nilitandikiwa mkeka katika chumba alichokuwa akisomeshea. Kabla ya kufumba macho nilisoma dua aliyonihifadhisha hapohapo, ya kumwomba Mola airehemu nafsi yangu akiizuia, na akiirudisha ailinde kwa kile anachowalindia waja Wake wema. Adhana ya Alfajiri iliponiamsha, binamu yangu alikuwa uani akinichotea maji ya kutawadhia.