Siku yangu ya 12 shambani, ng'ambo ya Sabaki

Saa 11:15 alfajiri. Adhana ya msikiti wa kijiji cha pili ndiyo hutuamsha, hakuna haja ya kutega simu. Tuko tisa, tumetoka Wundanyi, Taita, kwa umisheni wa wiki 3 katika shamba la kanisa upande wa Magarini, ukishavuka daraja la Sabaki kutoka Malindi kama unayekwenda Lamu. Kwetu milimani mwezi huu wa Machi bado unajifunika usiku. Hapa nimelala juu ya mkeka, nimejitupia leso moja, na bado nimeamka na jasho.

Saa 11:30. Sala chini ya mkorosho. Mchungaji mwenyeji wetu hana mahubiri marefu asubuhi, maana jua la huku halimsubiri mtu. Tunaimba wimbo mmoja, anasoma, tunaomba, tunashika majembe. Leo alisoma habari za Adamu kuwekwa bustanini ailime na kuitunza. "Kulima tunajua sote," akasema. "Leo tushughulike na kutunza." Neno hilo nilitembea nalo mchana kutwa.

Saa 12 hadi saa 4. Mashimo. Masika yanatarajiwa Aprili, na mvua ikikukuta hujachimba, umekwisha chelewa. Tunafuata kilimo ambacho wengi kanisani wanakiita njia ya Mungu. Kilianzia Zimbabwe miaka ya 1980 kwa mkulima mmoja, Brian Oldreive, kikaenea kupitia makanisa katika nchi nyingi za Afrika. Shamba zima haligeuzwi. Unatandaza kamba yenye mafundo, kila penye fundo unachimba shimo la sentimita 15: kutoka shimo hadi shimo sentimita 60, kutoka mstari hadi mstari sentimita 75. Kopo la samadi, mbegu tatu za mahindi, na miche ikisimama unapunguza ibaki miwili. Msimu ujao unarudi katika mashimo yale yale. Ndiyo maana kamba haitakiwi kulegea hata kidogo, na ndiyo maana mimi na dada mwenzangu tulioshika ncha mbili za kamba tulikuwa tunapigiana kelele kama makuli bandarini.

Kisha juu ya yote yanakuja matandazo: nyasi na mabua makavu yanafunika udongo wote, jua lisiuchome na mvua isiusombe. Walimu wetu huyaita blanketi la Mungu. Nililipenda jina hilo siku ya kwanza niliyolisikia. Nalipenda hadi leo, ila sasa najua kwamba blanketi lina bei.

Saa 4. Maji ya kitalu. Pampu ya petroli huyavuta kutoka mtoni hadi kwenye tangi, sisi tunayabeba kwa toroli, mitungi sita ya lita 20 kila safari. Hakuna anayeruhusiwa kuteremka mtoni na ndoo. Mamba wapo, na viboko pia.

Maji ya Sabaki ni mekundu. Mara ya kwanza niliogopa kuyamwagia mchicha. Mto huu ndio Athi uliopita karibu na Nairobi na kukata Ukambani. Ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, na ukifika huku ni Sabaki. Tsavo ni jirani yetu sisi Wataita, kwa hiyo kila mtungi ninaoinua nauona kama una kitu cha nyumbani ndani yake. Wekundu ule si rangi ya maji. Ni mashamba. Ni udongo wa juu wa watu ambao huenda hawajui kwamba umeondoka. Mvua ikinyesha bara, bahari ya Malindi hubadilika rangi hadi ufukweni, na matope hayo yanasumbua matumbawe ya hifadhi ya baharini ambayo serikali inayalinda tangu 1968. Mtu akiniuliza umisheni na jembe vinahusianaje, nitamleta hapa kwenye tangi, nimjazie glasi, niiweke juani mpaka udongo utuame chini auone.

Saa 7. Sima na mchunga, mboga ya majani, kwa nazi. Mchunga ni mchungu kweli, lakini tui linautuliza, na siku hizi nikiukosa nauulizia. Usingizi chini ya mwembe hadi saa 9.

Saa 9. Tuliwatembelea wakulima waliofundishwa mwaka jana. Nyumba ya pili ilikuwa ya Hawe. Hivyo ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi, nasi sote tunamwita hivyo. Tulimpigia shikamoo, akatuwekea mkeka, akauliza habari za kila mmoja na za waliobaki nyumbani mmoja mmoja. Halafu tukaenda kuona shamba. Mashimo yalikuwepo, safi kabisa. Udongo ulikuwa mtupu.

"Hawe, matandazo yako wapi?"

Akaelekeza kidole zizini. "Wamekula. Nyasi mlizoniambia nilaze chini, mbuzi wamekula. Na mbuzi mmoja ndiye aliyemnunulia huyu sare ya shule." Mjukuu wake wa kiume alikuwa amesimama nyuma yake na sare yenyewe, amefunga hadi kifungo cha juu.

Mwenzetu mmoja akaanza kueleza habari za utiifu. Nikamgusa kiwiko. Kwangu mimi hapo hapakuwa na uasi wowote. Ilikuwa hesabu, na Hawe alikuwa ameipiga vizuri kuliko sisi. Kiangazi kikikaza, nyasi ni moja, na wanaoitaka ni wawili: udongo na mbuzi. Somo linalomtaja mmoja tu halijakamilika, hata likiwa na jina zuri.

Hawe hakukasirika. Alikaa, akatusimulia kwamba bibi yake mzaa baba aliuvuka mto huu akiwa mtoto, na chungu kichwani, mwaka wa 1914, serikali ya Waingereza ilipowafukuza Wagiriama kutoka upande huu wa kaskazini baada ya kina Mekatilili wa Menza, mama aliyeongoza upinzani wao, kukataa kutoa vijana wao wakafanye kazi za wazungu. Nyumba zilichomwa. Wakarudi baadaye, wakaanza upya. "Wageni wengi wametufundisha shamba hili," alisema kwa upole. Sikupata jibu, na sidhani alitaka jibu.

Kisha yeye mwenyewe akauliza, "Na makuti ya zamani je?"

Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo. Paa la jiko lilikuwa limeezuliwa na kuezekwa upya, makuti yaliyooza yanangoja kuchomwa. Mbuzi hawayagusi. Kando yake, chini ya mikorosho, majani makavu yalikuwa yamejaa hadi kifundo cha mguu. Tulitazamana. Siku 12 tulikuwa tukisali chini ya mkorosho na kukanyaga matandazo.

Niliuliza kuhusu mchwa, maana makuti makavu ni karamu yao. Hawe akajibu kwamba heri wale makuti kuliko wale mahindi yake. Tulibeba kwa karai na mikono hadi saa 12:30 jua lilipozama, tukafunika mistari minne. Hawe alikuwa anatufuata nyuma, akirekebisha kwa mguu pale tulipofunika shimo lenyewe.

Saa 2 usiku. Wali, mbaazi za nazi, ibada fupi. Kwenye ushuhuda nilieleza habari za makuti, na nikaomba kwamba kundi litakalokuja baada yetu lihesabu mbuzi wa kila boma kabla ya kufundisha. Mchungaji aliandika kwenye daftari lake.

Saa 3:30. Kamba ilikatika mchana, nami ndiye ninayeifunga sasa kwa mwanga wa tochi, napima sentimita 60 upya kutoka fundo hadi fundo. Jirani yake Hawe anaezua nyumba yake Jumamosi. Tumeshaomba toroli.