Ninavyokusanya nishani za askari wa Keya hapa Dar

Nikiletewa nishani ya zamani siangalii kwanza sura ya mfalme. Naigeuza ubavu, nawasha tochi ya simu, naimulika kutoka pembeni, halafu nasoma ukingo. Nishani ya fedha ambayo Waingereza waliwapa askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia iligongwa ukingoni habari za aliyepewa. Herufi ni ndogo, na mara nyingi zimelika kwa kuvaliwa, lakini ukiizungusha polepole zinajitokeza: namba ya jeshi, cheo, jina la mtu wa kwetu lililoandikwa vile karani wa Kizungu alivyolisikia, na mwisho K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, ile Keya ya wazee wetu.

Nakusanya kwa ajili ya majina hayo. Sanamu ya Askari pale Samora imesimama tangu 1927, na maandishi yake yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Izunguke pande zote, hutakuta jina la askari hata mmoja. Majina ya wapagazi ndiyo yaliyoachwa kabisa, wale waliobeba mizigo ya jeshi, ambao kambi yao ndiyo leo Kariakoo yetu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Kwa hiyo jina moja nikilisoma kwenye fedha iliyochakaa, kwangu ni jambo kubwa.

Za Vita ya Kwanza nazipata zaidi kwa masonara. Nishani ile ni fedha, na sonara akiuziwa fedha kuukuu huipima, akaiyeyusha, ikawa bangili. Nilikaa na sonara mmoja wa Kariakoo nikamweleza ninachotafuta, tukakubaliana: akiletewa kitu chenye kichwa cha mfalme upande mmoja na mtu aliyepanda farasi upande wa pili, asikitie motoni kabla hajanipigia, nami nitalipa zaidi ya bei ya mizani. Amekuwa mwaminifu kuliko wauzaji wengi wa vitu vya kale ninaowajua. Naye ndiye aliyenifundisha kushtukia ukingo uliopigwa tupa. Nishani halali ina upana wa milimita 36. Jina likifutwa ili ligongwe lingine, ukingo hupungua, na kipimo kinaonyesha.

Za Vita ya Pili ni kazi nyingine kabisa. Walizopewa askari wetu, ile nyota ya Burma na ile yenye simba aliyemkanyaga joka, zilitoka bila jina. Ukiinunua barabarani umenunua chuma tu, hutajua ilikuwa ya nani. Ndiyo maana hizo sizitafuti sokoni, naziendea nyumbani kwa wenyewe.

Mfano ni mama mmoja wa Mbagala. Nilipelekwa na jirani yake, nikaamkia, nikakaa. Baada ya chai akatoa kopo la biskuti lenye kutu. Ndani kulikuwa na nyota ya Burma imefungwa kwenye kipande cha kanga, utepe wake umeliwa na mende hadi ule wekundu wa katikati umebaki nyuzi, na chini yake cheti cha kuachiwa jeshi kilichokunjwa mara nne.

"Shika tu mwanangu," akaniambia, "lakini baba alikuwa hataki iguswe na watoto. Alikuwa akisema mvua ya huko si mvua, ukilala umesimama ndiyo umelala."

Hapo nikajua nipo mahali penyewe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya huko, magari yakizama kwenye tope, hadi mto Chindwin. Mama hakuwa anajua jina la bonde, ila tope alilijua kwa mdomo wa baba yake. Niliandika kila alichosema kwenye kaunta buku, nikapiga picha nyota na cheti, nikamrudishia kopo lake. Sikumwomba aniuzie. Familia ikitaka kuuza, nataka ndugu wote wajue na tuandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu nishani inayotolewa kimya na mjukuu mmoja huleta ugomvi msibani.

Zipo pia za baadaye, zenye kichwa cha Malkia Elizabeth na kibao kilichoandikwa KENYA juu ya utepe, za operesheni dhidi ya Mau Mau, 1952 hadi 1956. Hizo zina jina ukingoni. Askari wa Keya kutoka Tanganyika nao walipelekwa huko. Kijana mmoja aliniletea ya babu yake akisema anataka iondoke nyumbani, inamtia aibu. Nilimwelewa. Hata hivyo naitunza pamoja na nyingine, na kwenye daftari nimeandika wazi ilitolewa kwa kazi gani na dhidi ya nani. Kuificha kungemfuta babu, na kungewafuta pia waliopigwa.

Kuhusu utunzaji, hewa ya chumvi ya Dar haina huruma. Usiiweke kwenye mfuko wa nailoni laini, shaba itaota ukijani. Mimi natumia bahasha za karatasi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na tafadhali, isisuguliwe kwa majivu na limau. Weusi wa fedha haudhuru kitu, bali kila ukisugua unaondoa herufi.

Kama kwenu ipo, kabla hujampa mtu yeyote, nikiwemo mimi, piga picha ukingo wake, kisha kaa na aliye mkubwa zaidi katika ukoo umuulize. Akisahau mwaka, muulize mzee alipandia meli wapi, alirudi na nini, na nani alikwenda naye asirudi. Hayo ndiyo yanayokumbukwa.