Biskuti 50,000 kabla ya Krismasi

Kaskazi inavuma Mombasa, feni zinazunguka, na kwenye televisheni theluji inaanguka. Filamu za mapenzi za Krismasi nazipenda kwa dhati. Zinaponiudhi ni kwenye fedha.

Chukua duka la mikate lenye deni la dola 50,000, linalookolewa kwa mauzo ya biskuti ya usiku mmoja. Tuseme biskuti moja ni dola 3, na ukitoa unga, siagi, umeme na kodi ya duka inabaki dola 1. Zinatakiwa biskuti 50,000. Oveni inayotoa 24 kila robo saa hutoa 96 kwa saa, hivyo itawaka zaidi ya saa 520, karibu siku 22 usiku na mchana. Muuza mahamri yeyote wa Majengo anajua kuwa mauzo si faida. Deni lingekuwa dola 3,000, saa 32 zingetosha, na mapenzi yasingepungua hata chembe.

Halafu nyumba. Binti anaacha kazi Jumatatu, Ijumaa ana ufunguo wa nyumba ya wageni. Benki imemkopesha kwa mshahara upi? Huku kwetu, nyumba ya mjini ya shilingi milioni 8 hudai ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani 320,000, mbali na malipo ya awali na ada ya wakili. Mkataba kwa kawaida hutoa siku 90 kukamilisha. Upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi ukirukwa, unaweza kulipia nyumba iliyowekwa rehani na mwingine.