Kipi cha mguu wa nyuma wa mdudu, kama kile cha jogoo, ndicho kilichonipa jibu

Sisimizi ndio walionishtua. Walikuwa wakipanda na kushuka kwenye mahindi yangu, nje kidogo ya Morogoro, wote wakielekea katikati ya mmea, pale majani machanga yanapojikunja. Nilipoyafunua nikakuta wadudu wadogo wa manjano iliyofifia, wamebanana, baadhi wana mbawa na baadhi hawana. Kuwagusa tu, wakaruka.

Jirani yangu alikuwa amepoteza mahindi kwa ugonjwa wa milia, na wanaoueneza ni wadudu warukao vivyo hivyo, wa jenasi ya Cicadulina. "Dada, piga dawa leo hii hii," akaniambia. Nilitaka kwanza kujua ninampigia nani dawa. Nikakamata kama kumi, nikawatia kwenye kichupa cha spiriti, na jioni nikawapanga kwenye kisahani cheupe na kuwatazama kwa lenzi ya kukuza mara 10, huku nikiwageuza kwa sindano.

Rangi ilinipotezea muda mwingi, kwa sababu Cicadulina mbila naye ana umanjano. Yeye ana madoa mawili meusi kichwani. Wangu hawakuwa nayo, lakini doa kukosekana niliona si ushahidi wa kutosha. Nikahamia miguuni. Muundi wa nyuma wa Cicadulina umejaa miiba iliyopangwa kwa safu, kama meno ya kitana. Wa wadudu wangu ulikuwa na miiba michache tu, na mwishoni, karibu na kifundo, palikuwa na kitu bapa kama kipi cha jogoo. Nikakisukuma kwa sindano, kikajongea. Nikarudia kwa mdudu wa pili na wa tatu, furaha imenijaa, kwani kipi kinachojongea ni alama ya Delphacidae, familia nyingine ya wadudu warukao, ambayo Cicadulina hayumo. Vipapasio navyo vilikubaliana: vinene kwenye shina, vimeota chini ya macho. Vya Cicadulina ni vyembamba kama unywele na vimekaa kati ya macho.

Kwenye spishi niliwaacha watoto na wenye mbawa fupi, nikabaki na wenye mbawa ndefu. Mbawa zao ni angavu, zina mabaka ya kahawia kuelekea ncha. Nikaongeza niliyoyaona shambani: mmea ni mhindi, sisimizi wanafuata maji matamu yanayotolewa na wadudu hawa, na mayai yamechomekwa kwenye uti wa kati wa jani, yamefunikwa utando mweupe. Vyote vilielekeza kwa Peregrinus maidis, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1890 kutokana na wadudu wa Florida. Bwana shamba alikubali, ila akaniambia uthibitisho wa mwisho hutoka kwenye viungo vya uzazi vya dume, chini ya hadubini.

Huyu naye hueneza virusi vya mahindi, vikiwemo vya ugonjwa wa mozaiki, kwa hiyo bado nakagua majani kila asubuhi. Lakini milia ya jirani haikutoka kwake. Kichupa nimekitunza, ndani kuna kikaratasi chenye tarehe na mahali, nimeandika kwa penseli kwa sababu spiriti hufuta wino.