Pipa Jipya Friesenstraße

Tulikuwa tumekaa hatua tano hivi kutoka kaunta pipa lilipokwisha. Sikuambiwa na mtu, nilisikia bomba likikoroma. Bia iliyokuwa ikishuka kama uzi ikaanza kukatikakatika, ikatema povu, na mtu wa bomba akafunga koki bila hata kuitazama.

Ilikuwa Machi 2001, Alhamisi jioni, ndani ya baa ya Päffgen, mtaa wa Friesenstraße mjini Köln, Ujerumani. Nyumba ile inapika bia yake papo hapo tangu 1883: mtambo nyuma, wanywaji mbele. Mwenyeji wangu alikuwa mtu wa Tanga, mfanyakazi wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, enzi hizo bado ikiwa Köln, kabla ya kuhamia Bonn mwaka 2003. Mwenyewe hanywi. Alinipeleka kwa sababu wakati ule nilikuwa nasimamia kaunta ya bia Moshi, na maswali yangu yalikuwa yamemchosha.

"Haya mdogo wangu, fundi huyo," akasema. "Mtazame, mimi nile."

Watu wa Köln wana jina la mtu wa bomba, wanamwita Zappes, kama sisi tulivyo na mgema kwenye mnazi. Huyu wa siku ile alikuwa mnene, mikono mifupi, hana haraka. Alishusha pipa tupu, akapandisha jingine juu ya kaunta. Pipa la mbao, pete za chuma, nilikadiria lita 30. Hakuna mpira wala mtungi wa gesi. Ndicho nilichokuwa nimekuja kukiona.

Pipa la namna hiyo lina tundu chini na tundu juu, yote yamezibwa. Bomba la shaba huelekezwa sawasawa katikati ya kizibo cha chini, kisha hupigwa kwa nyundo ya mti. Kizibo kinasukumwa ndani, bomba linakaa mahali pake. Kuna njia mbili za kuharibu. Ya kwanza ni kusahau kufunga koki, bia ikakurukia kifuani. Ya pili ndiyo ya wageni wa kazi: kupiga kwa woga. Bomba linaingia nusu, na kwa kuwa bia iliyofungiwa ina nguvu yake, inatafuta mwanya pembeni na kumwagika huku umeshika nyundo hujui upige tena au uzibe kwa kiganja. Yule bwana alipiga mara tatu. Pigo la kwanza la kupima, mawili ya nguvu. Matone machache yakaangukia aproni.

Glasi za kwanza hazikumpa mtu. Zilijaa povu tupu, akazipanga pembeni zitulie, akazijaza baadaye kwa awamu. Hapo mkono wake ukaenda juu, akazibua tundu la pili ili hewa iingie. Usipofanya hivyo, nguvu ya mwanzo ikishakwisha bomba linabanwa: bia inatoka kwa kusuasua, inagugumia, kama chupa iliyopinduliwa mdomo chini. Ukizibua mapema mno nako unaipoteza gesi kabla hujauza.

Na hapa ndipo pipa la mbao linapotofautiana na letu la chuma. Kwetu gesi ya mtungi inasukuma bia na papo hapo inajaza nafasi iliyoachwa, kwa hiyo bia inaweza kukaa siku kadhaa bila kudorora. Pale, kila glasi inayotoka inaingiza hewa ya ukumbini, yenye joto. Tangu koki inapofunguliwa bia inaanza kufa. Pipa la lita 30 ni glasi 150, nami nilitazama saa yangu: halikumaliza dakika 40. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa mtaani, wazee wenye meza zao na wafanyakazi waliotoka ofisini na mifuko yao. Bila ukumbi wa namna hiyo pipa lile haliwezekani. Liweke mahali penye wateja kumi, nusu ya pili utaimwaga.

Glasi nayo imekatwa kwa hesabu hiyo hiyo. Ni lita 0.2 tu, nyembamba, imenyooka, na jina lake Stange ni ufito. Mgeni anaiona ya kitoto. Lakini bia hii, Kölsch, hupoteza ladha haraka, na nusu lita ingekuwa imeshapata joto la mkono kabla hujafika katikati. Ni bora unywe kidogo kidogo kibichi. Wachaga hatuna haja ya kuelezwa hilo, mbege, pombe yetu ya ndizi, ya jana si ya leo. Hata uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, ule unaobaki nyuma ya ulimi baada ya kumeza, ulinikumbusha gome la msesewe tunalotia kwenye mbege.

Yenyewe ni bia nyepesi ya kimea cha shayiri, asilimia 4.8 hivi, angavu kama samli iliyochujwa. Hamira yake hufanya kazi kwenye joto, nyuzi 15 hadi 20, kisha bia hulazwa wiki kadhaa kwenye baridi karibu na sifuri. Ndiyo maana ina harufu ya matunda kwa mbali lakini mdomoni ni safi. Jina lake linalindwa: tangu mkataba wa mwaka 1986, mpishi wa mji wa mbali huko Ujerumani hawezi kupika ya kwake akaiita Kölsch.

Mhudumu anaitwa Köbes, ambalo ni Jakob kwa kinywa cha Köln. Aproni ya buluu, mkononi sinia la duara lenye matundu ya glasi na mpini katikati. Haulizi. Glasi yako ikikauka anaweka nyingine na kuchora mstari wa penseli kwenye kikadi kilicho chini yake. Hesabu yako ni ile mistari, na kikadi ukikilaza juu ya glasi maana yake umetosheka. Ulimi wake ni mkali kwa desturi, si kwa chuki. Mwenyeji wangu alipoagiza maji, aliulizwa kama alete na sabuni na taulo. Akajibu taulo anayo. Nadhani walikuwa wameshatupiana maneno hayo mara nyingi.

Chakula chake kilikuwa Halve Hahn, yaani nusu jogoo, na jogoo hayumo: ni mkate mdogo wa nafaka ya rai, siagi, kipande kinene cha jibini, haradali na kitunguu. Ndiyo sababu alikuwa akikiagiza kila mara, kwenye orodha iliyojaa nguruwe.

Jambo moja liliniuma. Povu kwenye glasi zao lilisimama kama upana wa vidole viwili na halikuanguka hadi mwisho. Letu Moshi lilikuwa linayeyuka ukiligeuzia mgongo, nasi tukilaumu mtungi wa gesi. Nilitazama wanavyoosha: glasi kwenye beseni lake, brashi yake, kisha maji baridi, zinainamishwa zikauke zenyewe. Hakuna kitambaa. Sisi tulikuwa tunafuta glasi kwa kitambaa kile kile kilichopita kwenye sahani za nyama choma. Mafuta kidogo tu yanatosha kuliua povu.

Bahati yangu ni kwamba pipa la zamani lilikwisha nikiwa na glasi yake mbele yangu, imebaki robo, na Köbes akaweka ya pipa jipya kando yake. Bia moja, mpishi mmoja, wiki moja. Nikaonja moja, nikaonja nyingine, nikarudia. Ile ya zamani ilikuwa imelala, utamu wa kimea umebaki peke yake. Mpya ilichoma ncha ya ulimi na harufu ya hopsi ikapanda puani kabla ya kumeza.

Ya saba ikanitosha. Nikalaza kikadi juu ya glasi, chini yake kukiwa na bia kama kidole kimoja. Köbes akaja kuhesabu mistari, akakiinua, akachungulia, akasema neno fupi na kuondoka na glasi.

"Kasemaje, kaka?"

"Anasema hiyo uliyofunika," akajibu, akifuta haradali kidoleni, "ilikuwa imeshakufa."