Breki za Impreza ya Kaka

Kalipa, vile vyuma vya breki ambavyo pistoni zake hubana pedi kwenye diski, zilifika Mtwara kwa basi kutoka Dar es Salaam, zimefungwa ndani ya kiroba cha sembe. Kaka alizipata Gerezani, kwenye spea za mtumba: kalipa za mbele za Subaru WRX zenye pistoni nne, mbili kila upande wa diski, pamoja na diski zake za milimita 294. Zile za gari lake, Impreza, zilikuwa na pistoni moja tu. Kwa mtu wa kwenda sokoni na kurudi, moja inatosha kabisa. Kaka hakuwa mtu wa aina hiyo.

Kilichomsukuma ni mteremko wa kutoka Newala kuelekea Masasi. Aliushuka kwa mbwembwe zake, kona inamkuta bado na mwendo, breki anakanyaga dakika ya mwisho, mpaka pedali ikazama na gari likagoma kupunguza kasi. Akajiokoa kwa kushusha gia. Mama hakuambiwa kitu, ila mimi niliyefungua geti niliinusa harufu ya pedi zilizoungua.

Fundi wetu pale Chikongola alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Hata kiroba hakukifungua. Alifunua kwanza kikopo cha mafuta ya breki, akatuita tuchungulie. Yalikuwa meusi.

"Haya yamekaa humu tangu lini?"

Kaka akacheka. Mzee hakucheka. Mafuta ya breki, alisema, yananyonya unyevu wa hewani, na hewa ya kwetu pwani mnaijua. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa kuhimili nyuzi 205 bila kuchemka. Ikishanyonya unyevu, kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Mteremkoni breki zikishika moto yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unabonyeza mvuke, pistoni imetulia zake. Akaagiza DOT 4, ambayo ikiwa mpya inaanzia nyuzi 230. Mpaka leo kaka akisimulia habari za breki zake anataja kalipa tu. Mafuta hayataji, na mimi naamini ndiyo yaliyomponza siku ile.

Kazi ya kufunga alipewa kijana wa gereji. Ikaja zamu ya kutoa upepo uliobaki ndani ya breki: mimi kwenye pedali, kijana chini na spana na mpira wake. "Pampu! Shikilia! Achia!" Tukaenda hivyo mpaka goti likaanza kuniuma, na pedali bado laini kama andazi. Mzee akaweka kikombe chake cha chai chini, akainama kwenye tairi la kushoto, kisha la kulia, akaguna.

"Mwanangu, hewa inapanda juu au inashuka chini?"

Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, ya kushoto kulia. Kwa hiyo nati za kutolea upepo zilitazama chini, na hewa ilikuwa imejikalia juu kwa raha zake. Zikabadilishwa, nati zikawa juu, na hazikupita dakika nyingi pedali ikasimama ngumu chini ya mguu wangu. Rimu za inchi 15 ndizo zikakataa, zinakwaruza kalipa. Kaka akaingia tena mfukoni kutafuta za 16.

Alfajiri, barabara ya Mikindani ikiwa tupu, tulizikalisha pedi kama mzee alivyoagiza: unafika themanini, unabana hadi ishirini bila kusimama kabisa, unarudia, kisha unaendesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Ukisimama zikiwa za moto huku umekanyaga, pedi inaacha alama kwenye diski na baadaye usukani unatetemeka.

Abiria wa kwanza alikuwa shangazi, tuliyempitia Mikindani na kikapu chake cha samaki. Mbuzi akakatiza barabara. Kaka akakanyaga kwa nguvu ileile aliyozoea kwenye breki za zamani, na samaki wote wakahamia kwenye dashibodi.

"We mwanangu," shangazi akasema, anatafuta kitasa cha mlango, "nishushe hapahapa, nitapanda bajaji."