Witiri

Kila Jumamosi, kabla sijaitikia shikamoo za watoto sawasawa, nakuwa nimeshahesabu vichwa. Wakiwa kumi na sita, roho kwatu. Wakiwa kumi na saba naanza kuchungulia barabarani kama mtu anayedai. Sataranji, yaani chess, ni mchezo wa wawili, hesabu ikiwa witiri kuna mmoja atakaa anatazama wenzake, na huyo mmoja ndiye atakayekwenda nyumbani kusema kule hakuna la maana. Nimeshapoteza wanachama wengi kwa namna hiyo kuliko kwa vipigo. Mtu akifungwa hurudi kulipiza. Mtu akikalishwa benchi harudi.

Klabu yetu haina jengo. Tunakutana chumba cha nyuma cha fundi cherehani mmoja hapa Ngamiani, Tanga, mama wa makamo ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Meza ni zake za kukatia vitambaa, kila moja inabeba mbao nne, na ukivua viatu shauri lako, sakafuni pini hazijawahi kwisha. Mimi nina duka dogo la fotokopi na madaftari barabara ya pili kutoka hapo, ndiyo maana nikawa katibu, mweka hazina, mwamuzi na mfagizi. Mwenye mashine ya fotokopi hakosi cheo.

Mwanzoni tulikuwa tunakutana saa nne asubuhi. Wavulana walikuja, wasichana wakawa wanapungua mmoja mmoja, na nilikaa miezi miwili nikidhani hawaupendi mchezo. Siku moja nikamkuta mmoja wao bombani na ndoo tatu. Jumamosi asubuhi ni siku ya kufua! Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo, nikasahau kwa sababu sasa nina mashine. Tukahamia saa tisa alasiri, na wanne kati ya waliopotea wakarudi. Adhana ya alasiri ikisikika saa za mchezo zote husimamishwa, wanaokwenda wanakwenda, wanaobaki wanakatazwa kuangalia ubao wa mwenzao kwa muda mrefu. Ramadhani tunakutana usiku baada ya tarawehe, na huo, nakuambieni, ndio mwezi wetu bora.

Tuna mbao kumi na mbili na mifuko kumi na mbili ya kete. Kila mfuko kete thelathini na mbili, jumla 384, na haondoki mtu mpaka mfuko wake umehesabiwa mbele yangu. Hata hivyo mfuko wa saba una malkia mweupe ambaye ni bobini ya cherehani, na wa kumi una askari wawili ambao ni visoda. Wageni huwacheka. Akishafungwa na bobini hacheki tena.

Visoda vimekuja na watu wa drafti, na hao lazima niwaseme kidogo. Karibu na sisi kuna kijiwe cha drafti chini ya mwarobaini, na wazee wa pale wakiona mbao zetu hudhani ni mchezo wao uliovaa suti. Wanajifunza haraka kuliko mwanafunzi yeyote wa shule, maana macho yao yameshazoea kuona hatua tano mbele. Shida ni mbili. Ya kwanza, kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo ukimwekea askari mdomoni anamla bila kuuliza, hata kama nyuma yake ngome imemkodolea macho. Ya pili ni kelele. Drafti bila mashabiki wa kukuambia "hapo ushakwisha" si drafti. Nimebandika karatasi ukutani yenye neno moja, KIMYA, na mzee mmoja akaisoma kwa sauti kubwa kila alipoingia, wiki nne mfululizo.

Lakini nilitaka kueleza habari ya Sabasaba, maana watu wameniuliza kwa nini nimefuta matokeo ukutani na kuandika mengine kwa kalamu nyekundu.

Mashindano yetu ya mwaka huu tuliyafanya siku hiyo ya Julai 7. Ni sikukuu, Bi Mkubwa hana wanafunzi, na haigongani na Ijumaa ya mtu wala Jumapili ya mtu. Walikuja 23: wakubwa 14 kwa kiingilio cha 5,000 na watoto 9 kwa 2,000. Jumla 88,000. Mshindi 40,000, wa pili 20,000, wa tatu 10,000, chai na mihogo 12,000, na zile 6,000 zilizobaki zipo kwenye kopo la kahawa, anayetaka kuziona aje. Fotokopi sikuhesabu.

Raundi tano, dakika ishirini kwa kila mchezaji, kwa mfumo wa Uswisi. Kwa ambao hamjawahi kucheza: hautoi mtu nje. Raundi ya kwanza unawapanga kwa uwezo, unakata orodha katikati, wa kwanza wa nusu ya juu anakutana na wa kwanza wa nusu ya chini. Baada ya hapo walioshinda wanakutana na walioshinda, walioshindwa na wenzao, hakuna kukutana mara mbili, na hakuna kupewa rangi moja mara tatu mfululizo. Ulianza kutumika Zürich mwaka 1895, kabla ya kompyuta, na mimi naufanya kama wao, kwa kadi. Kila mchezaji ana kadi ya manila: jina, rangi alizocheza, aliokutana nao, pointi. Vijana huniambia dada, ipo programu. Naijua, ipo dukani. Umeme ulipokatika raundi ya tatu nilikuwa nimekaa mlangoni penye mwanga, napanga kadi zangu juu ya ungo.

Sasa, 23 ni witiri. Kanuni ya Uswisi inasema wa chini kabisa ambaye hajawahi kubaki peke yake ndiye anayepumzika, na anapewa pointi nzima. Sisi tunaiita pointi ya mezani, kama kwenye mpira. Mimi siipendi. Mtoto ametoka Muheza asubuhi na nauli ya mama yake mfukoni, unampa pointi na kumwambia akae? Hakuja kufuata pointi. Kwa hiyo niliamua, kwa hisani yangu mwenyewe, kwamba anayebaki atacheza na mimi, na matokeo yatahesabiwa: akishinda moja, sare nusu, akifungwa sifuri.

Mtaona kosa liko wapi. Mimi sikuliona.

Asubuhi nilisimama juu ya kiti nikatangaza. Saa za kweli tunazo saba tu, mbao nyingine zinatumia simu zenye programu ya saa. Nikasema: simu ya saa iwekwe hali ya ndegeni, nyingine zote zizimwe, simu ikiita mwenye simu amepoteza mchezo. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ndivyo zilivyo, mchezaji hatakiwi kuwa na simu bila ruhusa ya mwamuzi, na mwenye mashindano anaweza kuweka adhabu nyepesi zaidi akitaka. Sikutaka. Raundi ya pili simu ya baba mmoja ikaita, nikamtoa akiwa na farasi wa ziada. Akanuna, akakubali.

Raundi tatu za kwanza nilijaza nafasi bila tatizo. Raundi ya nne aliyebaki ni yule wa Muheza, miaka kama kumi na tatu, amefungwa tatu kwa tatu. Hatukuwa na saa, tukatumia simu yangu.

Alicheza taratibu mno. Anashika sikio kabla ya kusogeza, kila mara, sikio la kushoto. Nilimdharau, nikamwachia askofu mmoja bila ulinzi, na kufika hatua ya thelathini ana malkia na askari watatu, mimi nina ngome na askari wawili, mfalme wangu kakimbilia pembeni kama kuku wa mvua. Watu wameanza kusogea kutazama. Bi Mkubwa kaacha kijiko kwenye karai.

Simu ikaita. Mteja, anauliza kama napiga chapa barua ya harusi.

Nikakata haraka, lakini programu ilikuwa imejifunga, na ilipofunguka imerudi dakika ishirini kwa ishirini. Alikuwa amebakiwa na ngapi? Yeye anasema nne. Mimi nakumbuka mbili. Tukatazamana. Kisha wote wakanitazama mimi, maana mwamuzi ni nani? Nikakata katikati: dakika tatu. Nikajiona Suleiman.

Alihitaji dakika tatu na nusu, labda. Alikuwa hatua mbili kutoka kwenye mati, yaani kumfunga mfalme wangu, kashika sikio, muda ukaisha, na muda ukikuishia umefungwa. Mimi nilikuwa na ngome, na mwenye ngome anaweza kufunga, kwa hiyo haikuwa hata sare. Nikaandika sifuri kwenye kadi yake kwa mkono wangu. Akasema "asante, anti", kama walivyofundishwa. Raundi ya tano akatoa sare, akaondoka na nusu pointi kuwahi gari.

Usiku nafunga hesabu za kopo ndipo nilipokaa kitako. Simu iliyoita ilikuwa yangu. Yule baba nilimtoa kwa simu, bila huruma, mbele ya watu. Mimi nilipoita, yaani simu yangu ilipoita, nilijadili dakika! Na hata bila simu: ningemwacha akae tu na juisi yake ya ukwaju, kanuni ingempa pointi. Hisani yangu ndiyo iliyomfanya aihatarishe, na simu yangu ndiyo iliyoimaliza.

Mume wangu akasema, mtoto mwenyewe alikuwa wa mwisho, pointi moja itambadilishia nini. Kweli, zawadi isingefika huko. Kwa sifuri tatu ungefanya nini nayo? Lakini mimi ndiye ninayeandika ule ukuta, na mwenye nusu si mwenye moja na nusu.

Asubuhi nilimpigia mama yake. Alidhani mtoto kaiba kete. Nilipomweleza alinyamaza kidogo akaniuliza, "Kwa hiyo alimfunga mwalimu?" Nikasema ndiyo, alinifunga. Nikasikia anageuka kumwambia mtu huko ndani, kwa sauti ambayo si ya simuni.

Ndiyo hiyo kalamu nyekundu.

Jumamosi mbili hakuja, nami sikulala vizuri hizo mbili. Ya tatu akaingia, akampa Bi Mkubwa shikamoo yake na mfuko wa machungwa, akaja kwangu, akainama kidogo. "Shikamoo, anti. Simu iko wapi?" Nikamwonyesha. Iko ndani ya droo ya cherehani, chini ya mkasi.

Tumebadilisha mambo mawili. Kuanzia sasa anayebaki peke yake anapata pointi yake kama kanuni inavyosema, na gemu atacheza vilevile, lakini matokeo yake hayaingii kwenye kadi. Wengine wanasema gemu isiyo na pointi haina uchungu. Waje wacheze na Bi Mkubwa tuone. Maana hilo ndilo la pili: mimi siku ya mashindano ni mwamuzi tu, nafasi ya kujaza ni yake. Alijifunza kwa kusikia tukifundisha watoto huku yeye akishona. Anafungua kwa askari wa mfalme hatua mbili, siku zote, na wewe unapowaza yeye anapinda mkono wa gauni. Anashona pindo, pindo, pindo, hainui uso. Ukibonyeza saa anachoma sindano begani mwake, anasogeza kete moja, anabonyeza, anarudi kwenye pindo. Wiki iliyopita mzee wa drafti alipoteza malkia kwa kutazama ile sindano.

Saa mbili za kweli nimeziagiza Dar, zitakuja na basi mwisho wa mwezi zikijaaliwa. Zikifika zitakuwa tisa, bado mbao tatu.

Jumamosi hii ni saa tisa kama kawaida. Wapya njooni, ada ni 1,000, mtoto akikosa asibaki nyumbani kwa ajili hiyo. Na aliyecheza ubao wa nne wiki iliyopita atazame mfukoni mwake: mfuko wa nne una kete thelathini na moja, amekosekana askari mweusi. Bobini zimekwisha, Bi Mkubwa kasema hatoi nyingine.